Mama ameshindwa kula tangu aanze kemo

"Assalam aleikum sista. Mama yetu ana miaka 58, anatibiwa saratani ya matiti. Ameshapata kemo mara mbili, ile dripu nyekundu, kila baada ya wiki tatu. Alianza na kilo 71, juzi kwenye mizani alikuwa 65. Akisogezewa sahani anageuza uso, anasema nyama inanuka chuma. Shangazi amekataza sukari, nyama na maziwa, ati vinalisha saratani. Kwa hivyo tunampa juisi ya bitiruti na karoti asubuhi na jioni ili damu iongezeke, na chai ya majani ya mstafeli. Jirani anasema tununue maziwa ya unga ya kopo ya wagonjwa, lakini bei yake si ya mchezo. Tunakaa Likoni, na kemo ya tatu ni wiki ijayo. Naogopa hana nguvu ya kuipokea. Tuiahirishe kwanza apate mwili?"

Wa aleikum salaam, dadangu. Mpe mama pole, na pole kwako pia, maana kumpikia mtu asiyekula kunachosha kuliko kupikia harusi nzima.

Nianze na linalonitia wasiwasi mimi, kisha nije kwa yanayomtia wasiwasi shangazi. Kutoka kilo 71 hadi 65 ni kupoteza zaidi ya asilimia 8 ya uzito kwa wiki tano hivi. Kliniki hatungoji kufika hapo. Ikipita asilimia 5 kwa mwezi mmoja tunamhesabu mgonjwa kuwa yuko hatarini kupata utapiamlo, hata kama kwa macho bado anaonekana mnene. Wala kinachoondoka si mafuta pekee. Misuli nayo inakwenda, na ikienda mtu anachoka kwa hatua chache, vidonda vinachelewa kupona, na madhara ya dawa yanamzidi. Kuna jambo jingine ambalo familia nyingi hazielezwi: dozi ya kemo hupigwa hesabu kwa urefu na uzito wa mgonjwa, na uzito ukibadilika sana hesabu hiyo hurudiwa. Chakula hakitaiponya saratani ya mama, asikudanganye mtu. Kazi yake ni kumwezesha kupokea dawa kwa dozi inayofaa na kwa tarehe yake.

Sasa makatazo ya shangazi. Ni kweli seli za saratani hutumia sukari. Seli za moyo na za ubongo hutumia pia. Ukimnyima mama wanga na sukari yote, mwili hauishiwi na sukari: ini huitengeneza lenyewe, na sehemu ya malighafi yake hutoka kwenye misuli. Yaani katazo lile linakula mapaja na mikono ya mama, na saratani inapata chakula chake vilevile. Soda za kutwa sizipendekezi kwa yeyote, na kama mama angekuwa na kisukari mpango ungekuwa tofauti, hasa kwa vile dawa ya deksamethasoni inayotolewa pamoja na kemo hupandisha sukari ya damu. Lakini kijiko cha sukari kwenye uji wa mtu aliyepoteza kilo 6 si adui. Nyama na maziwa ni hivyohivyo. Ushauri wa kupunguza nyama nyekundu unahusu kujikinga na saratani ya utumbo kwa miaka mingi ya ulaji. Haukuandikwa kwa ajili ya mama aliye katikati ya kemo na anayehitaji protini. Usiende kwa shangazi na ubishi. Mpe kazi: mwambie mama anataka supu ya samaki kwa mkono wake.

Bitiruti haina neno ikiwa ni glasi moja mara moja moja. Ila rangi yake nyekundu si madini ya chuma, na damu inayopungua wakati wa kemo mara nyingi hupungua kwa sababu dawa imeupiga uboho unaotengeneza damu. Juisi haiuamshi. Tena glasi mbili kwa siku zinalijaza tumbo dogo kwa kitu ambacho karibu hakina protini. Na kuna shida ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni rangi yenyewe. Ile dripu nyekundu, ambayo jina lake ni doksorubisini, hugeuza mkojo kuwa mwekundu au wa rangi ya machungwa kwa siku moja au mbili, na hilo ni la kawaida. Lakini mara nyingi hutolewa pamoja na saiklofosfamaidi, ambayo inaweza kukichubua kibofu hadi mkojo ukatoka na damu, na hilo tunataka tulijue upesi. Mama akinywa bitiruti asubuhi na jioni, mkojo mwekundu na choo chekundu, nani atajua lipi ni lipi?

Chai ya mstafeli naomba muiache kabisa hadi kemo iishe. Majani na mbegu za mstafeli vina kemikali iitwayo annonasini ambayo katika maabara imeonekana kuua seli za neva. Kwamba inaua pia seli za saratani kwenye kisahani cha maabara hakumaanishi inatibu mtu, kwani hata dawa ya kufulia ingeziua. Mama tayari anapokea dawa zinazopitia ini na figo, na kila kitu cha ziada kinapita njia hiyohiyo. Kama kuna habasoda, mwarobaini, shubiri au vidonge vya vitamini vilivyonunuliwa dukani, vitajeni kliniki vyote bila kuona haya. Hatugombezi mtu kwa hilo. Kibaya ni kufichwa.

Sasa kwa nini nyama inanuka chuma. Kemo hupiga seli zinazogawanyika haraka. Saratani ni moja, na nyingine ni ngozi laini ya ndani ya kinywa na utumbo, vionja ladha vya ulimi, mizizi ya nywele na uboho. Vionja ladha kwa kawaida hujifanya upya kila baada ya siku kumi hivi, kwa hivyo dawa huvikuta katikati ya kazi na ladha ikaharibika, hasa ya nyama nyekundu. Mama hadeki. Kichefuchefu nacho kina njia yake: utumbo mwembamba ukiguswa na dawa huachia kemikali iitwayo serotonini, neva zikapeleka habari kwenye ile sehemu ya ubongo inayoamrisha kutapika. Kidonge cha ondansetroni huifunga njia hiyo, ndiyo maana kinafaa kimezwe kwa saa yake kabla kichefuchefu hakijaja. Kukingoja hadi atapike ni kukitapika pamoja na uji.

Kutokana na haya, mgonjwa wa kemo halishwi sawa kila siku. Siku 21 za mzunguko zina siku za tabu na siku za nafuu, na kama kemo ya tatu ni wiki ijayo, mama yuko kwenye siku za nafuu hivi sasa. Hizi ndizo za kujaza ghala. Kwa kilo 65 anahitaji takriban kalori 1,600 hadi 1,950 kwa siku, na protini gramu 65 hadi 95. Usiogope tarakimu, tuzipeleke jikoni. Yai moja lina protini gramu 6. Kipande cha changu au kolekole cha gramu 100, kama kiganja cha mkono bila vidole, kina gramu 20 na zaidi. Kikombe cha pojo zilizoiva kina 14 hivi, na mbaazi au maharage hazipishani sana na hapo. Glasi ya maziwa au mtindi ina 8. Akipata mayai mawili, kipande kimoja cha samaki, kikombe cha pojo za nazi, glasi moja ya mtindi na bakuli la uji nitakaokueleza, amepita gramu 70. Nyama ya ng'ombe iacheni kando kwa sasa. Kuku na samaki waliolowekwa kwa ndimu, kitunguu saumu na tangawizi hawatoi ile harufu ya chuma, hasa wakiliwa vuguvugu na kwa kijiko cha plastiki au cha mti.

Uji wenyewe ni huu. Vijiko vitatu vya mezani vya unga wa wimbi, koroga na maji kidogo ya baridi usifanye madonge, mimina kwenye maziwa mililita 300 yanayoanza kuchemka, koroga hadi uive, dakika kumi hivi. Ukiutoa motoni tia kijiko kimoja cha mezani cha siagi ya karanga, vijiko viwili vya maziwa ya unga na sukari vijiko viwili vya chai. Bakuli hilo lina kalori 450 hadi 500 na protini karibu gramu 20. Uji wa maji mtupu wa ukubwa uleule hufika kalori mia na kidogo tu. Hapo ndipo familia nyingi zinapokosea: mgonjwa anakunywa uji mara nne kwa siku, kila mtu anaridhika, na mizani inashuka. Kama uji mzito unamkinai, weka tui la kwanza badala ya karanga, au mgawie nusu asubuhi na nusu saa nne.

Kiasi kidogo mara sita ni bora kuliko sahani kubwa mara tatu. Tumbo linalokwenda polepole likiona mlima wa wali linafunga mlango. Mwekee kisahani, na maji anywe kati ya milo, si pamoja na chakula. Mtembeze uani asubuhi na jioni, dakika kumi kumi, maana protini bila kutumia misuli haijengi sana.

Na kama hata katika siku hizi za nafuu bado anageuza uso, usiseme ni kemo ukanyamaza. Chungulia kinywa chake kwa tochi ya simu. Muulize choo amekwenda lini, maana ondansetroni hufunga choo na mtu aliyefunga choo siku nne hana hamu ya chochote. Hapo papai, tende zilizolowekwa, juisi ya ukwaju na maji ya kutosha husaidia, na dawa ya kulainisha choo ipo, mwombe muuguzi. Muulize kama ana maumivu. Muulize pia moyo wake ukoje, kwa upole na mkiwa wawili tu. Wako akina mama ambao hawali kwa huzuni, na mayai hayatibu hilo.

Siku ya kemo na nne zinazofuata ni hadithi nyingine. Msimtoe nyumbani na njaa. Ale kitu chepesi saa mbili kabla, kama mkate mkavu na chai ya tangawizi au wali mweupe kidogo, kisha mfunge mkate mwingine na biskuti kavu kwa safari. Kwenye feri asimame penye upepo, mbali na moshi wa magari, na mfuko wa kutapikia uwe mkononi mwako. Siku hizo usimpe kabisa chakula anachokipenda kuliko vyote. Akila biriani ya kuku halafu akatapika, ubongo unaunganisha ile harufu na kutapika, na anaweza kuichukia biriani kwa miezi. Vyakula vipendwa viweke kwa wiki ya tatu.

Chakula cha baridi au vuguvugu hakinuki sana, kwa hivyo viazi vya kuchemsha, mtindi, ndizi mbivu na wali uliopoa kidogo hupita kirahisi. Karangeni vitunguu akiwa nje ya nyumba, au mpike kwa jirani. (Tahadhari kwa wasomaji wengine: mgonjwa anayepewa oksaliplatini, hasa wa saratani ya utumbo, asipewe kitu cha baridi siku hizo. Baridi humletea ganzi na kukabwa koo.) Maji na vinywaji vifike lita mbili kwa siku, na aende haja ndogo mara kwa mara hata kabla ya kulala, ili saiklofosfamaidi isikae kwenye kibofu. Akila robo tu ya kawaida yake kwa siku hizo tatu nne, lakini anakunywa na anakojoa vizuri, usimlazimishe. Ile "kula bwana, kula" ya kila dakika tano humfanya aogope kuwaona mkiingia na sinia.

Baadaye, kuanzia siku ya sita au ya saba hadi kama ya kumi na nne, kichefuchefu kinapungua lakini kinywa kinaweza kuota vidonda na seli nyeupe za damu zinafika chini kabisa. Kwa kinywa, chemsha maji lita moja, yapoze, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha bikaboneti ya soda, asukutue mara nne hadi sita kwa siku na kutema. Mswaki uwe laini. Dawa za kusukutua zenye alkoholi zinaunguza, aziache. Vidonda vikiwepo, pilipili, achari, ndimu na ukwaju vikae pembeni; mpe uji, boga lililopondwa, mayai laini yaliyoiva hadi kiini, na samaki aliyechambuliwa ndani ya supu ya tui. Ukiona utando mweupe kama maziwa usiotoka kwenye ulimi, huenda ni fangasi, na hilo linatibiwa kwa dawa, si kwa kusugua.

Kuhusu usafi nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu joto la Mombasa halina huruma. Zamani wagonjwa walikatazwa kabisa matunda mabichi na saladi. Utafiti haukuonyesha kwamba katazo hilo linapunguza maambukizi, kwa hivyo embe, ndizi, chungwa na papai ale, ila zioshwe kwanza kisha zimenywe nyumbani kwa kisu safi. Anachopaswa kukwepa ni vilivyokatwa na wengine: matunda ya vipande barabarani, juisi ya miwa, kachumbari ya mkahawani, pweza wa jioni aliyekaa kwenye sinia. Dafu lililofunguliwa hapo kwa hapo kwa panga la muuzaji ndilo lilelile. Nunueni zima, lioshwe, lifunguliwe nyumbani. Maji ya mkokoteni yachemshwe hata kama muuzaji anaapa ni ya mfereji. Maziwa ya kupimiwa yachemshwe pia. Na wali wa usiku uliolala juu ya meko asile. Chakula kikikaa nje saa moja kwa joto letu kiingie friji, na kikitolewa kipashwe hadi kitoe mvuke.

Kuhusu kopo: si uchawi na si utapeli. Linafaa pale mgonjwa anaposhindwa kumeza chakula kigumu, au mmefuata haya yote kwa wiki mbili na mizani bado inashuka. Kabla ya kulipa, soma nyuma ya kopo glasi moja ina kalori ngapi na protini gramu ngapi, kisha gawa bei kwa idadi ya glasi. Bakuli la uji niliokueleza mara nyingi halishindwi, na pesa inayobaki inanunua trei ya mayai. Mkilinunua, liwe nyongeza kati ya milo na lisichukue nafasi ya chakula. Dawa za kuongeza hamu ya kula zinazouzwa kimyakimya madukani msiziguse bila daktari wake, hasa zile ambazo hata jina halijaandikwa kwenye bahasha.

Kuna mambo ambayo hamngoji kliniki wala kunipigia mimi. Nunueni kipimajoto leo. Joto likifika nyuzi 38, iwe saa sita za usiku au siku ya Idd, mpelekeni hospitali wakati huohuo na mseme mlangoni kwamba yuko kwenye kemo. Msimpe Panadol kwanza "tuone", maana inashusha joto na kuficha maambukizi yanayoweza kumuua kwa saa chache. Mpelekeni pia akishindwa kubakisha hata maji kwa siku nzima, akiharisha mara nne au zaidi kuliko kawaida yake kwa siku, akitoa damu, akikojoa kidogo sana na mkojo mweusi, au akiwa amelegea na kuchanganyikiwa. Wakati mnangoja gari, akiweza kunywa, mpeni ORS (ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji) kwa vijiko. Kama haipo, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa.

Sasa swali lako la mwisho. Hapana, msiahirishe nyumbani. Nendeni kwa tarehe yake. Kabla ya dripu kufungwa atapimwa damu na uzito, na daktari ndiye atakayeamua kama anaendelea, kama dozi inabadilishwa au anangoja siku kadhaa. Kukosa siku kwa uamuzi wa daktari ni sehemu ya matibabu. Kukosa kwa kuogopa kunaipa saratani nafasi, na tena mnakosa ile siku ambayo tungemwona na kumsaidia.

Mkifika, iwe hospitali kuu ya Mombasa tunayoiita Makadara au kwingine, usingoje kuulizwa. Mwambie muuguzi wa kemo kabla hajaanza kutafuta mshipa: "Mama amepoteza kilo 6 na anakula chini ya nusu." Maneno hayo mawili, uzito ulioshuka na kula kulikopungua, ndiyo tunayoyatumia kuamua nani aonwe na mtaalamu wa lishe, na mna haki ya kumwomba aonwe siku hiyohiyo. Apimwe kwa mizani ileile, bila viatu wala buibui zito, na uzito uandikwe kwenye daftari lake. Chukua karatasi yenye vyakula vyote alivyokula kwa siku tatu, hata kama ni nusu kikombe, na saa alizotapika zikilinganishwa na saa alizomeza vidonge. Karatasi hiyo inaweza kumfanya daktari abadilishe dawa ya kichefuchefu palepale, kwa sababu ondansetroni si pekee iliyopo na wako wagonjwa wanaohitaji mbili au tatu kwa pamoja. Na dawa zote anazotumia, pamoja na yale majani, ziwe kwenye mfuko mmoja.